Bega la Don Baltasar

Don Baltasar Ferrándiz alishuka kwenye gari lake jeusi katikati ya uwanja wa kanisa wa Vallserena, akatazama taa, nyaya, malori na waigizaji waliokuwa wakinywa kahawa kivulini, akafura kabla hata hajavua kofia.

"Leo ndiyo mwisho," alimwambia Casilda Monleón. Hakumsalimia.

"Buenos días na kwako, Don Baltasar."

"Sikuja kusalimiana. Nimetoka Valencia alfajiri, mgongo unaniuma, na barabara yenu hii imechimbwa na shetani. Nisikilize vizuri. Jua likizama leo kabla picha ya mwisho haijaingia kwenye kamera, kesho malori yanarudi nyumbani. Mlichokwisha kupiga nakifungia stoo, na idara ya utengenezaji naifunga pamoja nacho. Tutauza filamu za wenzetu, tulale usingizi."

Kampuni yake ilifanya yote mawili, kutengeneza filamu na kuzisambaza, lakini ukimuuliza mwenyewe angekuambia kusambaza ndiyo kazi, kutengeneza ni maradhi. Filamu za kigeni alizinunua kwa mafungu kama jirani zake walivyonunua machungwa, akazitia sauti za Kihispania, akaziuza kwa wenye majumba ya sinema kuanzia Alicante hadi Bilbao. Hizo zilimpa shibe. Zile alizozitengeneza mwenyewe zilimpa kiungulia. Hakuwahi kusimama nyuma ya kamera hata siku moja, na filamu zake mwenyewe alizijua kwa urefu wake, kama kitambaa.

Casilda alikuwa ameingia kampuni hiyo kama mpiga chapa. Alichapa barua za watu, akawabebea watu kahawa, akasahihisha hesabu za watu na kusikia watu hao hao wakisifiwa, mpaka mwaka huu alipopewa filamu moja aisimamie tangu mwanzo hadi mwisho. Walipompa, walitazamana wakatabasamu. Alilijua lile tabasamu. Filamu hii ikifungiwa stoo, angerudi kwenye mashine ya chapa, na tabasamu hilo angelikuta linamngoja pale pale mezani.

Na kweli, mikosi haikumwonea haya. Mvua iliwafungia ndani siku walizotaka jua. Kisha mwigizaji mkuu, kijana mzuri ambaye wasichana wa nchi nzima walibandika picha yake ukutani, alishikwa na matumbwitumbwi, mashavu yakawa maboga. Ilibidi wamngoje apungue. Sasa filamu tupu imebaki mkanda mmoja, na siku zile filamu tupu ilipatikana kwa kibali na kubembeleza. Huwezi kwenda dukani ukaagiza nyingine kama mkate.

"Tutaipiga leo, Don Baltasar," alisema Casilda. "Kila kitu kiko tayari. Na yule bwana wa Madrid?"

"Yule bwana wa Madrid anaichukua kwa sharti moja tu: onyesho la kwanza liwe kwake, kwenye jumba lake la sinema, kabla ya mji mwingine wowote. Nimempa neno langu. Neno langu, binti! Sasa neno langu limekaa Madrid linangoja filamu isiyo na mwisho."

Picha yenyewe ya mwisho ilikuwa rahisi kuisimulia. Filamu ilihusu kijiji kinachogombana mwaka mzima kisha kupatana siku ya mtakatifu wao. Kwa hiyo watu wanaitembeza mitaani sanamu ya Mtakatifu Roque, na mbwa wake miguuni, wanafika mlangoni pa kanisa, na wakati anaingia ndani jua la jioni linampiga usoni. Basi. Ila jua hilo hupenya kati ya nyumba mbili na kuuwasha mlango ule kwa kitambo kidogo tu, halafu kivuli kinakula kila kitu. Na padri alikuwa ameshamwambia Casilda kwamba mtakatifu akishaingia hatoki tena siku hiyo, hata aje askofu mwenyewe. Kwa hiyo mkanda ni mmoja na nafasi ni moja.

Kilichomtia wasiwasi zaidi ni watu. Wiki nzima wanakijiji walikuwa wameigiza kama miti ya ua. Mwongozaji, Ginés Pallarés, kijana mwembamba mwenye mishipa ya shingo iliyosimama kila saa, aliwaambia watembee, wakatembea kama wanaopeleka maiti. Aliwaambia wacheke, wakageuka wote pamoja wakaionyesha kamera meno. Ndipo Casilda alipowapandia juu ya kiti usiku wa kuamkia siku hiyo, akawaambia kwa sauti yake ya kubembeleza:

"Wapendwa, msiigize. Nawaomba. Fanyeni vile vile mnavyofanya siku yake ya sikukuu. Msiongeze kitu, msipunguze kitu."

"Vile vile?" aliuliza Evaristo. Huyo alikuwa mchinjaji wa kijiji na kiongozi wa chama cha Mtakatifu Roque, mtu mnene wa sauti nene.

"Vile vile, Mjomba Evaristo."

"Basi mama, umepata," alisema Evaristo, na alikuwa mkweli.

Jioni ile mambo yalianza vizuri mpaka Casilda akaogopa. Bendi ya kijiji ilipiga. Wanawake walishuka na mishumaa, wazee walivaa suti zao za harusi, na mtakatifu alitokea kwenye kona ya mtaa juu ya machela yake ya mbao yenye mikono minne, akiyumba kidogo kama anayeitikia salamu. Eladio, mshika kamera, alikuwa amelala kifudifudi kwenye jukwaa dogo, jicho kwenye kidirisha cha kamera. Ginés alipiga kelele alivyotaka, kwa sababu sauti zingetiwa baadaye studioni. "Njoo! Njoo! Taratibu! Mungu wangu, wazuri hawa! Njoo!"

Jua lilishaugusa mlango. Casilda alihesabu hatua zilizobaki kwa macho. Wamefika kwenye ngazi. Wamepanda ya kwanza. Wamefika mlangoni.

Wakasimama.

Waliweka machela juu ya magogo mawili, mgongo wa mtakatifu ukielekea kanisani, na bendi ikanyamaza. Evaristo akapanda ngazi ya juu kabisa, akakohoa.

"Nani anamwingiza Mtakatifu?" alinguruma. "Mkono wa nyuma, kushoto! Natoa mwenyewe dau la kwanza: gunia la ngano!"

"Gunia na nusu!" ilijibu sauti kutoka kwenye umati.

Ginés aligeuka mweupe. "Wanafanya nini? Casilda, wanafanya nini?"

Casilda alipigwa na butwaa, kisha akaelewa. Yeye ndiye aliyewaambia wasipunguze kitu. Alimkimbilia Evaristo, akamshika mkono wa koti.

"Mjomba Evaristo, nini hiki?"

"Mnada, mama. Mikono minne ya machela inapigiwa mnada mlangoni. Wanaoshinda ndio wanaomwingiza."

"Lakini leo si sikukuu! Leo ni sinema!"

"Sisi tunajua ni sinema. Mtakatifu hajui. Yeye ametoka, ameona watu, amesikia bendi. Unataka aingie kimyakimya kama mwizi? Magunia mawili nimesikia! Nani anapanda?"

"Na kama hakuna mnada?"

"Hakuna kuingia," alisema Evaristo kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba maji yanalowanisha.

Mkono wa nyuma kushoto ulikwenda kwa magunia mawili. Wa nyuma kulia ulikwenda kwa mtungi wa mafuta ya zeituni na mbuzi. Wa mbele kushoto mwokaji mikate aliuchukua kwa kupandisha dau mpaka wenzake wakaishiwa pumzi. Hapo Casilda alianza kupumua, labda wangewahi. Ukabaki wa mbele kulia, mkono wa heshima, na hapo ndipo kijiji kilipogawanyika kama boga. Upande mmoja alikuwa Shangazi Tonica, mjane wa kondoo wengi na ulimi mrefu, aliyetaka mkono huo kwa mwanawe. Upande wa pili alikuwa mwenye kinu, Cosme, ambaye hakuwa amezungumza na Tonica tangu ugomvi wa mfereji wa maji.

"Nguruwe mmoja!" alisema Cosme.

"Wawili," alisema Tonica, "na wangu wana mafuta, si kama wa watu fulani wanaokula vumbi la kinu."

"Wawili na mapaja manne yaliyokwisha kukauka!"

"Angalieni, mwanaume amefungua ghala! Mkewe anajua?"

Watu waliangua kicheko. Walipiga makofi, walisukumana, wengine walimshangilia Tonica, wengine walimzomea. Mtoto mmoja alikuwa amepandishwa mabegani aone. Mzee mmoja aliyelala kwenye kiti kila picha waliyopiga wiki nzima alikuwa amesimama, anapunga fimbo na kumtukana Cosme kwa jina la babu yake.

"Zima hiyo mashine!" Don Baltasar alikuwa amefika jukwaani, uso mwekundu, anajipepea kwa kofia. "Zima! Mnaunguza mkanda wa mwisho kwa nguruwe!"

Eladio hakuondoa jicho lake kwenye kidirisha. "Nizime, Señorita Casilda?"

Casilda aliwatazama wale watu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiitazama kamera. Walikuwa wameisahau kabisa. Uso wa Tonica ulikuwa unawaka, mishipa ya Cosme imemtoka, na nyuma yao wote mtakatifu wa mbao alikuwa amesimama na mbwa wake, anangoja wamalize. Kijiji kinachogombana! Kile kile ambacho waigizaji wa mjini walikuwa wakikitafuta mwezi mzima kwa vipodozi na mistari ya kukariri, kilikuwa hapa, bure, kinapiga kelele. Hakuwahi kuwa na hakika ya jambo lolote kama alivyokuwa na hakika ya hili.

"Usizime," alisema.

"Nini?" alisema Don Baltasar.

"Eladio, endelea. Sogea kwa yule mama. Sasa kwa Cosme. Mzee wa fimbo, umempata?"

"Nimempata, nimempata," alisema Eladio huku anacheka.

"Binti, mimi ndiye mwenye kampuni!"

"Najua, Don Baltasar. Nifukuze kesho."

Lakini furaha hiyo ilikuwa na mwisho wake, na mwisho huo ulikuwa unapanda ukutani. Kivuli kilikwishafika katikati ya mlango. Mkanda nao ulikuwa unakwenda. Mtakatifu asipoingia, kilichopigwa ni ugomvi mtamu usio na mapatano, na filamu bado haina mwisho. Na Tonica na Cosme walikuwa wamefika mahali pabaya: kila mmoja ametaja asichoweza kukiongeza, hakuna anayetaka kurudi nyuma, wanatazamana kama majogoo.

"Mjomba Evaristo!" Casilda alipaza sauti. "Mgeni anaruhusiwa kutaja dau?"

Evaristo alifikiri. "Aliyekula mkate wa hapa anaruhusiwa. Ninyi mmekula mwezi mzima, tena mmekula sana."

"Basi kampuni yetu inautaka mkono wa mbele kulia."

Umati ulimgeukia. Don Baltasar alishika paji lake la uso.

"Kampuni inatoa nini?" aliuliza Evaristo. "Pesa za mjini hatuzitaki. Mtakatifu hupewa kitu cha kwako, kitu unachokionea uchungu kukiacha."

Casilda alijua kampuni ina kitu kimoja tu cha namna hiyo. Alipiga moyo konde.

"Onyesho la kwanza," alisema. "Filamu hii itaonyeshwa hapa, kwenye uwanja huu, kwenye ukuta wa kanisa hili, kabla ya Valencia na kabla ya Madrid. Ninyi ndio mtakaojiona kwanza. Mtu yeyote mwingine nchi hii ataiona baada yenu."

Vallserena haikuwa na jumba la sinema. Ukitaka kuona filamu ulisafiri kwa basi mwendo wa saa mbili, ukarudi umelala.

"Kabla ya Madrid?" aliuliza Cosme polepole.

"Kabla ya Madrid."

"Casilda!" Don Baltasar alikuwa hana sauti tena, alikuwa na upepo tu. "Nimetoa neno langu! Yule bwana atatuacha! Huna haki ya kutoa kitu hicho!"

Evaristo alimsikia. Alimgeukia, na watu wote wakageuka naye.

"Kumbe mkubwa ni wewe, señor. Hapa kwetu dau ni la mkuu wa nyumba, na mkuu wa nyumba huliweka kwa bega lake. Ukibeba, tumekubaliana. Usipobeba, huyu binti hajasema kitu, na mama huyu na bwana huyu waendelee."

Casilda hakumsihi. Alijua maneno yake yote yamekwisha. Alimtazama tu Don Baltasar, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi aliona kwamba mzee huyu hajui afanye nini. Mzee alitazama mlango, mwanga umebaki kipande. Alitazama gari lake. Angesema hapana, bila shaka angesema hapana, mdomo ulikwishafunguka.

"Mwacheni baba wa watu," alisema Shangazi Tonica kwa sauti ya huruma iliyojaa sumu. "Hamwoni? Wa mjini hawana bega. Wana tumbo tu."

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Don Baltasar aligeuka mwekundu, kisha zambarau. Alimtupia Ginés kofia yake. Akavua koti la kitani, akamtupia nalo.

"Huu mkono uko wapi?" alifoka. "Wa kulia ni upi, huu?"

"Ndio huo, señor. Weka bega chini. Chini zaidi. Usivute pumzi bado."

"Usinifundishe kubeba! Baba yangu alikuwa mpagazi wa stesheni!"

Hilo Casilda hakulijua, na wala hakuna mtu ofisini aliyelijua. Evaristo alipiga ubao kwa kiganja mara moja, mara mbili, mara tatu, bendi ikafumuka, na Mtakatifu Roque akainuka. Aliinuka upande, kwa sababu kona ya mbele kulia ilichelewa. Don Baltasar alitoa mguno uliosikika juu ya tarumbeta. Miguu ilimtetemeka, suruali ilimteleza, ukanda ukaonekana. Mwokaji mikate upande wa pili alimpigia kelele, "Twende pamoja, baba, kushoto, kulia," na Tonica mwenyewe, ambaye dakika iliyopita alimtukana, alikuwa anamfuata ubavuni na kumfuta jasho kwa ncha ya shali yake.

"Kaza, mwanaume! Kaza! Usimwangushe, ana mbwa huyo!"

Na Cosme naye, akiwa amesahau mfereji, akaingia nyuma ya Tonica na kuutegemeza ubao kwa kiganja. Wakageuza machela, mtakatifu akauelekea mlango, kisha wakazunguka nusu kama desturi ilivyo, ili aage watu wake. Mwanga uliobaki ulimpiga usoni. Ulimpiga na Don Baltasar pia, kichwa kitupu, shati limemganda, macho ameyafumba, machozi au jasho yanamshuka mashavuni. Hata Casilda aliyekuwa karibu hakuweza kujua.

"Mungu wangu," alinong'ona Ginés. "Mungu wangu, Eladio, sema unamwona."

"Nyamaza, namwona."

Waliingia. Kivuli kiliwameza, mmoja mmoja, mpaka mkia wa mbwa. Kamera ilitoa mlio wa tk-tk-tk, mkanda umekwisha. Eladio aliinua kichwa, akamkuta Casilda analia na kucheka kwa pamoja na hana leso.

Don Baltasar alitoka kanisani akishikiliwa na watu wawili, bega limeinama upande mmoja. Alipita katikati ya makofi bila kumtazama mtu, akaja moja kwa moja kwenye jukwaa. Casilda alijiandaa kufukuzwa.

"Nimetokea?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wewe?" alisema Eladio. "Umetokea, Don Baltasar. Jasho, ukanda na yote."

"Ukanda tutaukata," alisema mzee. Kisha akafikiri. "Au uacheni."

Simu ya kijiji ilikuwa kwenye mkahawa wa uwanjani, ukutani kati ya kalenda na kichwa cha ng'ombe dume, na nusu ya Vallserena iliingia ndani kumsikiliza akiongea na Madrid. Hakuna aliyejifanya amekuja kunywa. Casilda alisimama karibu naye.

"Ndiyo, imekwisha," alipiga kelele Don Baltasar kwenye simu. "Ina mwisho, tena mwisho huo... Sikiliza kwanza. Wewe utaionyesha ya pili. Ya pili! Hapana, si Barcelona. Vallserena. Vall-se-re-na! Ni kijiji. Hakina jumba, kina ukuta. Kwa sababu nimemwahidi Mtakatifu Roque, ndiyo sababu. Hapana, sijanywa. Na mimi mwenyewe nimo!"

Alisikiliza kwa muda. Uso ulishuka. Kisha akakitoa kile chombo sikioni, akakitazama.

"Amekata," alisema.

Hilo ndilo jumba kubwa kuliko yote, na Casilda ndiye aliyelitupa kwa mkono wa machela. Alifungua mdomo aombe radhi, lakini Don Baltasar alikuwa anasugua bega lake na kumtazama kwa namna asiyoijua.

"Yule mwenye jumba la sinema wa Barcelona bado ana nafasi ya filamu moja majira ya vuli," alisema. "Ni mgumu, mgomvi, hapendi filamu za vijiji. Miaka yote hii namuuzia kwa urefu wa mkanda na idadi ya waigizaji." Alimwambia opereta namba ya Barcelona, akangoja, kisha akampa Casilda chombo cha simu. "Zungumza wewe."

"Mimi? Kuuza ni kazi yako, Don Baltasar. Hukumwachia mtu simu tangu niingie kampuni."

"Nitamwambia nini mimi? Nilikuwa nimefumba macho, sikuona kitu." Alimsogezea kiti kwa mguu. "Wewe ndiye uliyeitengeneza. Mwambie umetengeneza nini, na ukimaliza huyo, anza kufikiria ya mwakani."

Sauti ya mtu ilikuwa inasema haló, haló, kwa hasira. Casilda alikishika chombo kwa mikono miwili. Shangazi Tonica alimsukuma kidogo mgongoni.

"Haló, Barcelona?" alisema, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Jina langu ni Casilda Monleón, na nina filamu. Kaa chini, bwana, nikusimulie."